Soriasisi Si Fangasi Wala Ukoma: Zifahamu Dawa Zake na Namna Sahihi ya Kuzitumia

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa taarifa yake kuhusu ugonjwa wa soriasisi mwaka 2016, takwimu ya chini kuliko zote zilizonukuliwa humo ilitoka Tanzania. Utafiti uliofanyika vijijini na kuchapishwa mwaka 1996 ulionesha kuwa asilimia 0.09 tu ya watu walikuwa na ugonjwa huo, yaani pungufu ya mtu mmoja kati ya elfu moja, ilhali nchini Norway takwimu ilifikia asilimia 11.4. Uchache huo una nafuu yake, lakini una hatari pia, kwa kuwa ugonjwa usioonekana mara kwa mara ni rahisi kudhaniwa kuwa ugonjwa mwingine. Mkazi wa Mlandizi wilayani Kibaha au wa Maneromango wilayani Kisarawe anayetokwa na mabaka yenye magamba viwikoni anaweza kuambiwa na jirani kuwa hiyo ni fangasi, mwingine akasema ni damu chafu, na wa tatu akaanza kumkwepa kwa hofu ya ukoma. Kila dhana ina dawa yake dukani, na kila dawa ina gharama. Baadhi ya dawa hizo, licha ya kutosaidia, huugeuza ugonjwa unaodhibitika kuwa ugonjwa unaohatarisha maisha.

Soriasisi hutokana na kinga ya mwili kufanya kazi kupita kiasi. Kwa kawaida seli za ngozi huchukua takribani mwezi mmoja kupanda kutoka tabaka la chini hadi la juu na kupukutika. Kwa mwenye soriasisi safari hiyo hukamilika kwa siku chache, seli zikarundikana juu ya ngozi kabla hazijakomaa na kuwa magamba meupe yanayong'aa kama fedha. Sehemu zinazoathirika zaidi ni viwiko, magoti, kiuno, ngozi ya kichwa na kucha, ambazo huweza kuwa na vishimo vidogo mithili ya alama za sindano. Vitabu vingi vya tiba vimekuwa vikiueleza ugonjwa huu kwa picha za watu weupe na kusema mabaka huwa mekundu. Kwa ngozi nyeusi mabaka huelekea zaidi rangi ya zambarau, kahawia iliyokoza au kijivu, na yakipona huacha alama nyeusi au nyeupe inayoweza kudumu kwa miezi kadhaa. Alama hiyo si ugonjwa, na haihitaji kuendelea kupakwa dawa.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hauenezwi kwa kupeana mikono, kulala kitanda kimoja, kutumia taulo moja wala kwa tendo la ndoa. Huwa na asili ya urithi katika baadhi ya familia, na huweza kuamshwa na maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, pombe, tumbaku, jeraha la ngozi au baadhi ya dawa, zikiwemo aina fulani za dawa za shinikizo la damu na za malaria za jamii ya klorokwini. Mwezi Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio maalumu kuhusu soriasisi, likizitaka nchi wanachama kupambana na unyanyapaa dhidi ya wagonjwa. Tarehe 29 Oktoba ya kila mwaka huadhimishwa kuwa siku ya ugonjwa huo duniani.

Kabla ya kuzungumzia dawa yoyote, jambo la kwanza ni kuutambua ugonjwa wenyewe. Choa, ambacho ndicho fangasi wa ngozi, mara nyingi huwa na umbo la pete, kingo zikiwa na magamba na katikati pakiwa pamepoa. Mtaalamu akikwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa hadubini huweza kuona fangasi. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia, na mhudumu wa afya hulipima kwa kuligusa kwa pamba. Baka la soriasisi lina hisia kamili na mara nyingi huwasha. Kaswende ya hatua ya pili nayo huleta vipele vyenye magamba, hivyo kipimo cha damu ni cha lazima pale inaposhukiwa. Vilevile mgonjwa hushauriwa kupima Virusi vya Ukimwi (VVU), kwa sababu soriasisi inayoanza ghafla na kusambaa mwili mzima kwa mtu mzima huweza kuwa ishara ya awali ya maambukizi hayo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, dawa za kufubaza VVU zenyewe husaidia kuituliza ngozi. Anayepuuza kipimo hicho na kung'ang'ania krimu huwa anautibu moshi na kuuacha moto.

Hakuna dawa inayoiondoa soriasisi moja kwa moja. Anayemuahidi mgonjwa kuwa atapona kabisa kwa chupa moja, iwe ya mitishamba au ya kisasa, anamdanganya. Dawa zilizopo huutuliza ugonjwa, nyingine kwa kiwango cha mgonjwa kukaa miezi au miaka bila baka. Hutolewa kwa ngazi, kuanzia zilizo salama na nafuu, na mgonjwa hupandishwa ngazi ya juu pale tu ya chini inaposhindwa au ugonjwa unapokuwa umeenea sana. Kipimo kinachotumika sana ni kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake, ambacho huhesabiwa kuwa karibu asilimia moja ya ngozi ya mwili. Mabaka yakiwa ndani ya viganja vichache, dawa za kupaka kwa kawaida hutosha. Yakizidi viganja kumi, au yakiwa usoni, sehemu za siri, viganjani na nyayoni kiasi cha kumzuia mtu kufanya kazi, daktari huanza kufikiria dawa za kumeza.

Ngazi ya chini kabisa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, nayo ni mafuta. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa mara mbili au tatu kwa siku na hasa mara baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, hulainisha magamba, hupunguza mwasho na kuifanya dawa nyingine ipenye vizuri. Mafuta ya nazi, ambayo hayakosekani katika nyumba nyingi za Pwani, nayo hulainisha. Sabuni kali na dodoki la kusugua havifai, kwani ngozi ya mgonjwa wa soriasisi ikichubuka huota baka jipya palepale ilipochubuka.

Juu ya mafuta hufuata dawa za kuondoa magamba. Malhamu yenye asidi ya salisiliki huyalegeza yakatoka, nayo hufaa kichwani na nyayoni ambako magamba huwa mazito; haipakwi mwili mzima, hasa kwa mtoto, kwa kuwa huingia kwenye damu. Lami ya makaa ya mawe ni dawa ya zamani yenye harufu kali na huchafua shuka, lakini hupunguza kasi ya seli kuzaliana, na bado imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Wagonjwa wengi huiacha kwa sababu ya harufu. Kuipaka usiku na kuvaa nguo kuukuu hupunguza kero hiyo.

Dawa za kupaka zinazotumika zaidi ni za jamii ya steroidi, na hapa ndipo penye makosa mengi. Steroidi si dawa moja. Haidrokotisoni ni dhaifu, na ndiyo inayoweza kuruhusiwa usoni na kwenye mikunjo ya ngozi. Bethamethasoni ina nguvu zaidi, na klobetasoli ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote. Hii huwekwa kwa ajili ya viwiko, magoti, viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene. Klobetasoli kwa kawaida hutumiwa kwa wiki mbili, na haizidi gramu 50 kwa wiki moja. Baada ya hapo mgonjwa hupunguza polepole, kwa mfano kwa kupaka siku mbili tu za wiki, huku akiendelea na mafuta ya mgando kila siku. Akiiacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu, ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu kuliko awali.

Kipimo rahisi cha krimu ni ncha ya kidole. Mstari wa krimu unaoanzia kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza hutosha kupaka eneo la viganja viwili. Anayepaka zaidi ya hapo hapati nafuu ya haraka zaidi, bali anapoteza dawa na kuongeza madhara. Madhara yenyewe ni ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, michirizi isiyofutika, mishipa midogo ya damu kujitokeza, chunusi na kubadilika rangi. Krimu kali ikitumika karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho.

Wapo pia wanaoifahamu klobetasoli kwa sababu isiyohusiana na soriasisi, nayo ni kujichubua. Krimu zenye steroidi kali zimekuwa zikichanganywa katika mkorogo na kuuzwa pamoja na vipodozi. Mwenye soriasisi anayenunua krimu ya aina hiyo hajui anapaka nini, kwa kiwango gani wala kwa muda gani. Klobetasoli ni dawa, na dawa zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi haipaswi kugusa ngozi ya mgonjwa.

Dawa nyingine ya kupaka ni kalsipotrioli, inayotokana na vitamini D. Haiifanyi ngozi kuwa nyembamba, hivyo hufaa kwa matumizi ya muda mrefu, na ikitumika pamoja na steroidi hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kila moja peke yake. Ina masharti mawili: isizidi gramu 100 kwa wiki, na isichanganywe na asidi ya salisiliki, ambayo huiharibu. Bei yake ni ya juu kuliko steroidi, na si kila famasi huwa nayo.

Jua nalo ni tiba. Hospitali kubwa za nje hutumia mashine za mionzi maalumu ya mwanga. Ukanda wa Pwani una jua karibu mwaka mzima. Dakika chache za jua la asubuhi juu ya mabaka, zikiongezwa taratibu, huwasaidia wagonjwa wengi. Kuungua kwa jua hufanya kinyume chake. Watu wenye ualbino hawapaswi kutumia njia hii kabisa, na anayetumia dawa za kumeza amuulize daktari kwanza.

Pale dawa za kupaka zinaposhindwa, dawa ya kumeza inayotangulia mara nyingi ni methotreksati. Historia yake ni ya kuvutia: mwaka 1951 madaktari nchini Marekani waliokuwa wakijaribu dawa ya jamii hiyo kwa magonjwa mengine waligundua kuwa ngozi za wagonjwa wao wenye soriasisi zilikuwa zikisafika. Leo dawa hii hutumika kutibu saratani kwa viwango vikubwa, na soriasisi pamoja na maumivu ya viungo kwa viwango vidogo. Bei yake ni nafuu ikilinganishwa na dawa nyingine za ngazi yake, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane.

Methotreksati kwa ajili ya soriasisi humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu kuimeza kila siku kumewahi kuua watu katika nchi mbalimbali duniani. Mgonjwa aliyezoea kuandikiwa vidonge vya kutwa mara tatu huweza kukosea kwa nia njema kabisa, hasa pale maelezo ya daktari yanapomfikia kupitia ndugu aliyekwenda kumchukulia dawa. Njia iliyo salama ni kuchagua siku moja, tuseme Jumapili, na kumwomba mfamasia aandike jina la siku hiyo juu ya pakiti. Siku nyingine mgonjwa humeza asidi ya foliki kama atakavyoelekezwa, ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni.

Kabla ya kuianza, daktari hupima wingi wa damu, ini, figo, homa ya ini na VVU, na huchunguza kifua kikuu. Vipimo vya damu, ini na figo hurudiwa kila baada ya muda. Mjamzito haruhusiwi kuitumia kwa hali yoyote, kwani huharibu mimba, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hutakiwa kutumia uzazi wa mpango muda wote wa tiba. Mwanamume anayetarajia kupata mtoto naye azungumze na daktari mapema. Pombe na methotreksati haviendi pamoja, kwa kuwa vyote hulielemea ini.

Lipo onyo jingine ambalo kwa mazingira ya Tanzania lina uzito wa pekee. Septrini, dawa iliyozoeleka kwa kikohozi, kuhara na maambukizi ya njia ya mkojo, na ambayo baadhi ya watu wanaoishi na VVU hupewa kila siku kwa kinga, ikikutana na methotreksati huweza kuuzima uboho wa mifupa usitengeneze damu. Mgonjwa anayekwenda duka la dawa kwa sababu ya mafua anapaswa kusema, bila kuulizwa, kwamba anatumia methotreksati. Vidonda mdomoni, homa, kutokwa damu kwenye fizi, michubuko isiyo na sababu au kikohozi kikavu chenye kuishiwa pumzi ni dalili za kuiacha dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Iwapo methotreksati ni dawa nzuri yenye masharti, vidonge vya prednisoloni na sindano za steroidi ni mtego. Mgonjwa aliyechomwa sindano hiyo husafika ndani ya siku chache na kumsifu aliyemchoma. Dawa ikiisha mwilini, soriasisi huweza kurejea ikiwa na vijipu vya usaha mwili mzima, au ngozi yote ikawaka na kubanduka huku mgonjwa akitetemeka kwa baridi na kupoteza maji. Hali hiyo ni ya dharura na mgonjwa hulazwa. Ndiyo maana wataalamu wa ngozi huepuka steroidi za kumeza na za sindano kwa soriasisi, isipokuwa kwa sababu maalumu na chini ya uangalizi wao. Mgonjwa ambaye tayari anazimeza kwa ajili ya pumu au ugonjwa mwingine asiziache mwenyewe kwa kusoma maelezo haya; azipunguze kwa maelekezo ya daktari.

Zipo dawa za ngazi ya juu zaidi. Siklosporini hufanya kazi haraka lakini hudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Asitretini haishushi kinga ya mwili, ila mwanamke aliyeitumia hatakiwi kushika mimba hadi miaka mitatu ipite baada ya kuiacha. Dawa za kibaiolojia za sindano, mfano adalimumabu, zimebadili maisha ya wagonjwa wengi duniani, lakini bei yake iko mbali na uwezo wa familia nyingi, na kabla ya kuzianza ni lazima kuhakikisha mgonjwa hana kifua kikuu kilichojificha.

Kwa wananchi wa Mkoa wa Pwani, safari ya matibabu huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo mgonjwa huweza kuchunguzwa hisia za baka, kupimwa VVU na kaswende, na kupewa dawa za kupaka za ngazi ya chini. Dawa za kumeza za soriasisi si za kununuliwa katika duka la dawa muhimu. Huandikwa na daktari na kutolewa penye uwezo wa kupima damu na ini. Wilayani Kisarawe hatua inayofuata ni Hospitali ya Wilaya, na ngazi ya mkoa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, iliyopo Kibaha kandokando ya barabara ya Morogoro. Juu yake ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili. Nchi pia ina kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho huandaa wataalamu wa ngozi kwa ajili ya Tanzania na nchi nyingine za Afrika.

Jiografia ya Kisarawe inahitaji mpango. Mkazi wa Kiluvya, ingawa yumo ndani ya Wilaya ya Kisarawe, yuko jirani na Tumbi. Mkazi wa Maneromango au Mzenga hulazimika kusafiri mwendo mrefu kabla ya kuifikia hospitali yoyote yenye maabara kamili, na usafiri kutoka Kisarawe mjini humpeleka Pugu na Gongo la Mboto, yaani jijini Dar es Salaam, kuliko Kibaha. Kwa mgonjwa wa methotreksati, anayepaswa kurudia vipimo mara kwa mara, hilo si jambo dogo. Inafaa amweleze daktari anakotoka tangu siku ya kwanza, ili wakubaliane vipimo vifanyike wapi na dawa ichukuliwe wapi, na aondoke na barua ya rufaa. Mwenye bima ya afya aulize mapema dawa ipi inagharamiwa katika ngazi ipi, kuliko kulijua hilo akiwa kwenye dirisha la famasi.

Siku ya kwenda kliniki, mgonjwa abebe kila alichowahi kupaka au kumeza, zikiwemo krimu zisizo na lebo na dawa za asili, bila kuona haya. Aeleze pia kama vidole, visigino au mgongo hukakamaa asubuhi, kwa sababu soriasisi huweza kushambulia viungo, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi katika hali yake. Kwa ushauri wa afya kwa njia ya simu, Wizara ya Afya hupokea maswali ya wananchi bila malipo kupitia namba 199, na madhara yoyote yanayodhaniwa kusababishwa na dawa hutolewa taarifa TMDA kupitia kituo cha kutolea huduma kilichoitoa dawa hiyo.